Mhariri, Pemba haikukaa kama Unguja

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja. Ile ripoti ya bahari ya visiwani, na ramani yake iliyopakwa buluu moja kutoka Tanga hadi Mafia, imenishinda kunyamaza. Mwandishi anasema visiwa vyote vitatu vimekaa kwenye maji mafupi ya bara. Unguja na Mafia, sawa. Pemba, hapana.

Baina ya Dar es Salaam na Unguja kina hakifiki mita 100. Baina ya Tanga na Pemba kuna korongo linaloshuka hadi mita 800 hivi. Zama za barafu, bahari iliposhuka zaidi ya mita 100, chui alifika Unguja kwa miguu. Pemba ilibaki kisiwa, na huko chui hakuna.

Kosa hili lina hatari yake. Wiki iliyopita kijana wa boti, gazeti lako mkononi, ameniuliza kama pima 30 za kamba (mita 55 hivi) zinatosha kutia nanga nje ya miamba ya magharibi ya Pemba. Pima 30 ni za maji ya pima 5 au 6 tu! Kamba itakiwayo ni mara tano ya kina au zaidi, ili mvuto uje ukilala sakafuni na ukucha wa nanga ujizike. Kamba ikisimama wima, nanga inang'oka na chombo kinakwenda na maji. Na kabla ya nanga hushushwa bildi, kile kipande cha madini ya risasi cha kupimia kina, chenye tundu kitakoni. Tundu linajazwa shahamu, ili kilichoko chini kinate. Ikipanda na mchanga au tope, nanga itashika; ikipanda tupu, shahamu imechubuka, chini ni mwamba. Nje ya miamba ile kamba yote ya bildi inaweza kuisha mkononi bila risasi kugusa kitu. Kijana kama huyo anaweza kupoteza chombo na watu kwa sababu ya rangi ya ramani yenu.

Na hili la gesi. Mnaandika "gesi ya baharini" kana kwamba ni moja. Songo Songo, iliyogunduliwa 1974, visima vyake viko kisiwani na kwenye maji mafupi ya kandokando. Ya kitalu namba 2, mbele ya Lindi, iko chini ya maji ya mita 2,500 hivi. Huko mpiga mbizi hafiki, kazi ni ya roboti. Na kwa baridi ya chini, gesi na maji hugandamana na kuziba bomba kama hakutiwa glaikoli, kimiminika cha kuzuia kuganda. Watu wa Kusini wanaouliza mbona gesi hiyo ya kitalu namba 2 inachelewa waelezwe na hayo.

Ichoreni ramani upya, ukurasa mzima, toleo la Jumapili: mstari wa mita 50, wa mita 200, na wa mita 1,000, kila kina na rangi yake. Vipimo vimo kwenye chati za mabaharia. Baadhi bado ni vya bildi za karne ya 19, kwa hiyo mwaka wa upimaji uandikwe pembeni.

Msomaji wako,
Tanga