Zuhra, usiache Kimvita chako

Zuhra mpenzi,

Mambo? Mi mzima, mama nae mzima anakusalimia sana anauliza unakuja lini. Meseji yako nimeisoma yote na kwa kweli imeniuma, yani hapo ofisini Nairobi wanakucheka eti umeongea Kimvita, Kiswahili chenu cha Mombasa, umesema "ndoo" badala ya njoo na "mato" badala ya macho, alafu mmoja anakwambia uongee Kiswahili sanifu? Hapana jamani, hiyo siikubali hata kidogo.

Huyo anaekusahihisha ajue kwanza hicho kisanifu kimetoka wapi. Mwaka 1928 walikaa mkutano, tena hapo hapo kwenu Mombasa, wakachagua Kiunguja, Kiswahili cha Unguja, ndo kiwe cha kuandikia vitabu vya shule, 1930 ikaanza kamati ya kukisimamia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Ni uamuzi wa serikali za kikoloni, walitaka kitabu kimoja kisomeke kote, basi. Na Kimvita kilikuwa na mashairi yake siku nyingi, Muyaka bin Haji kafariki karibu 1840 na alikuwa anatunga Mombasa kwa lugha hiyo hiyo wanayokuchekea. Sasa hapo nani wa kumfundisha mwenzie?

Mi sipingi usanifu, mtihani na gazeti lazima viwe na utaratibu. Ila midomoni mwa watu mambo yanaenda kivyake. Angalia neno barakoa. Zamani lilikuwa vazi la usoni la wanawake wa Unguja na Omani, wengi wetu huku bara hata hatulijui, 2020 korona ilivoingia likawa la kila mtu. Fundi cherehani wa mtaani kwetu alikuwa anakaa kibarazani na vipande vya vitenge vilivobaki kwenye magauni ya watu, anakunja mikunjo mitatu, anashona, anatia mpira huku na huku, anatundika kwenye kamba, na vijana wanapita kituoni wanaita "barakoa buku, barakoa buku" kama wamezaliwa nalo. Hakuna alietuitia semina. Mubashara nayo hivo hivo, watangazaji wameisema weee mpaka mtoto anakwambia mechi iko mubashara. Lakini tarakilishi, pamoja na kuwekwa kwenye vitabu vya shule huko kwenu, mtu akienda dukani anaulizia kompyuta.

Na hiyo tungule unayoogopa kuitaja mbele yao, nenda Unguja sokoni Darajani, utasikia tungule vile vile, na mbatata pia. We na muuzaji mtaelewana fasta, mi wa Dar na nyanya zangu na viazi vyangu ndo ntaonekana mgeni. Kwaiyo wakikwambia hilo neno halipo, lipo, tena linaliwa kila siku.

Sasa nina ombi. Ukishuka Mombasa likizo hii kaa na babu yako, maana bado ana kumbukumbu nzuri na kaendesha jahazi miaka na miaka. Muulize majina ya kila kitu kwenye jahazi, mi najua mlingoti, tanga na foromali, ule mti unaobeba tanga, tu, nikifika kwenye kamba nakwama. Muulize na majina ya pepo za baharini, na mabaharia walikuwa wanaitanaje wakiwa kazini, wote hao wanaondoka na maneno yao, na vijana wa siku hizi wanapanda boti za mashine, hayo maneno hawana pa kuyatumia. Weka simu irekodi, usimkatize hata akienda nje ya mada, huko nje ya mada ndo kwenye utamu wenyewe. Akichoka mwache apumzike mrudi kesho. Alafu usije ukayageuza kuwa sanifu wakati wa kuyaandika, andika kama alivotamka, "ndia" ibaki ndia.

Mi huku ntaanza na mashangazi wa Bagamoyo, ntakuandikia nikipata chochote. Nijibu basi, hata kwa voisi, ila ongea kama unavoongea na mamako.

Akupendae,
Rehema