Risala ya Klabu ya Kemia ya Polima kwa Mgeni Rasmi katika Maonyesho ya Sayansi

Ndugu Mgeni Rasmi, walimu wetu, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha kwenye meza yetu, uone vipande vya plastiki angavu ambavyo ndani yake mna mifereji yenye upana wa mikromita 100, karibu sawa na unene wa unywele. Katika mfereji mmoja tumepitisha maji mekundu na ya buluu. Yanakwenda sambamba bila kuvurugana, na rangi zinaingiliana polepole tu mpakani, kwa kuwa katika nafasi finyu kiasi hicho mtiririko hauna misukosuko.

Vipande hivi tunavitengeneza kwa mwanga. Resini ya akrileti, yaani kimiminika kinachoweza kuganda kuwa plastiki, iliyochanganywa na kianzishi, kemikali inayoanzisha mgando ikipigwa na mwanga, humiminwa juu ya kioo, hufunikwa kwa filamu yenye mchoro mweusi, kisha humulikwa kwa mwanga wa urujuanimno wa nanomita 365. Mwanga hukivunja kianzishi kuwa radikali huru, yaani vipande vya molekuli vyenye hamu kubwa ya kuungana na vingine, nazo huziunganisha monoma, molekuli ndogo za resini, kuwa polima ngumu, minyororo mirefu ya molekuli hizo; palipo na kivuli cha mchoro, resini hubaki majimaji na kuoshwa kwa isopropanoli, aina ya alkoholi.

Kugandisha ndiyo sehemu rahisi. Jasho hututoka katika kuzuia mgando pasipotakiwa, kwani mwanga hutawanyika kingoni, na tunapojenga paa la mfereji, miale hupenya na kugandisha resini iliyosalia chini yake. Ndiyo maana tunaongeza rangi inayofyonza mwanga ili usizame mno, ingawa ikizidi, tabaka halishikamani na lililo chini. Oksijeni ya hewani nayo huzizima radikali na kuuacha uso ukinata. Wengi huiona kero, lakini sisi tunaipenda, maana uso huo wenye monoma ambazo hazijaungana hulishika tabaka linalofuata bila gundi.

Ndugu Mgeni Rasmi, tangu mwaka 1998 maabara nyingi zimezoea kutengeneza vipande kama hivi kwa kumimina polidimethilisiloksani, aina ya mpira wa silikoni, kwenye kalibu. Ni nyenzo nzuri, inanyumbuka na kupitisha hewa, ila huvimba ikikutana na viyeyushi kama tolueni na hunyonya molekuli ndogo zisizopenda maji, jambo linaloweza kupotosha vipimo vya dawa. Tena kila mchoro mpya hudai kalibu mpya, ilhali kwetu hubadilishwa filamu tu.

Pamoja na hayo, tuna maombi mawili. Kwanza, tunaomba kipimo cha ukali wa mwanga, kwa sababu taa hufifia kadiri inavyotumika, na muda wa kumulika uliofaa mwanzoni huja kuwa mfupi mno. Pili, tunaomba kabati la kufyonza mvuke, kwani akrileti ambayo haijaganda huwasha ngozi na inaweza kumletea mtu mzio, na glavu na miwani havizuii mvuke wake.

Naomba kuwasilisha.