Baba, Pijo Lisipimwe kwa Kilo

Edinburgh, Uskoti
Jumapili usiku

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Salamu nyingi zikufikie wewe, Mama na wote waliopo hapo Ngamiani. Mimi ni mzima, baridi ndiyo imeanza kuuma lakini koti ulilosema ninunue nimelinunua.

Hamisi kanipigia simu jana. Katika maneno yake mengi akaniambia kuwa mnunuzi wa vyuma chakavu kaja uani na mizani yake, kalizunguka Pijo, hiyo Peugeot 404 yako, mara mbili, kaligonga ubavuni kwa ngumi, kisha kataja bei ya kilo. Akasema wewe hukukubali wala hukukataa, ulisema tu, "Tutaangalia." Halafu akanitajia jingine ambalo limeniuma zaidi: kwamba yale madaftari yako ya gereji umempa yule bibi wa karanga afungie. Baba, sikupata usingizi. Ndiyo maana sikutuma ujumbe wa simu, nimekaa kuandika barua. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujamjibu mtu wa mizani.

Unajua kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Mmoja wao ana lori dogo la kuchezea juu ya kabati, la chuma, rangi ya bluu. Rangi yenyewe imebanduka kwenye kona zote, bati linang'aa kama shaba iliyosuguliwa. Nyuma lina mlango unaoshuka, vigari vinapandishwa humo. Siku ya kwanza nilipotaka kulipangusa vumbi alinishika mkono. "Hilo napangusa mwenyewe," akasema. Nikamwambia baba yangu ni fundi magari Tanga. Tangu siku hiyo, kila nikimaliza kumpa dawa, ananieleza habari za gari moja lililotoka mtaa wa pili tu na nyumba yake.

Mtaa huo unaitwa Merchiston Mews. Nimekwenda kuuona kwa macho yangu. Ni kichochoro cha mawe, pande zote nyumba fupi zenye milango mipana, kwa sababu zamani zilikuwa mabanda ya farasi wa matajiri. Humo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, mhasibu mmoja wa mji huu, David Murray, alianzisha timu ya mbio za magari. Akaipa jina la Kifaransa, Ecurie Ecosse, maana yake banda la farasi la Uskoti. Fundi wake mkuu alikuwa Wilkie Wilkinson. Si kampuni kubwa, Baba. Gereji ya uchochoroni, mafundi wa kuhesabika, na magari yaliyopakwa bluu ya bendera yao. Mzee ananiambia alikuwa mtoto wa miaka 9, akifuatana na kaka yake kwenda kuchungulia, na injini ikiwashwa vioo vya madirisha ya uchochoro mzima vilikuwa vikitetemeka.

Gari lenyewe ni Jaguar, aina ya D-type, namba ya chesisi XKD 501. Ndilo la kwanza katika yale ambayo kiwanda cha Coventry kilitengeneza mwaka 1955 kwa ajili ya kuuzia wateja. Hapa najua utavuta kiti karibu. Injini ni ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 3.4, kabureta tatu za Weber zenye midomo miwili kila moja. Sampu, lile bakuli la chini ya injini, haina oili ndani yake, oili inakaa kwenye tangi la pembeni na kusukumwa kwa pampu, hivyo injini imeweza kushushwa chini kabisa na boneti ikawa bapa. Breki ni za diski magurudumu yote manne, wakati wenzao wengi bado walikuwa wanasimamishia ngoma. Nyuma ya kichwa cha dereva kuna pezi kama la papa, la kulituliza gari lisiyumbe kwenye mwendo mkali. Umbo hilo lilichorwa na Malcolm Sayer, mtu aliyetokea kwenye kazi za ndege. Na katikati hakuna chesisi ya ngazi kama tulivyozoea. Kuna gamba la aloi ya alumini, na fremu ya mbele inayobeba injini imefungwa kwenye gamba hilo kwa bolti. Bolti hizo, Baba, zishike akilini, nitazirudia.

Mwaka wa kwanza haukuanza vizuri. Dereva Jimmy Stewart aliligonga, likarudi kiwandani kunyooshwa. Huyu ni kaka mkubwa wa Jackie Stewart aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mara tatu, ila yeye mwenyewe aliacha mbio mwaka huo huo kwa sababu ya majeraha. Baadaye Desmond Titterington na Ninian Sanderson wakalipeleka Goodwood, Uingereza, kwenye mbio zinazochukua muda wa saa tisa, wakashika nafasi ya pili.

Kisha ikaja Le Mans ya 1956, zile mbio za saa 24 za Ufaransa. Mwaka uliotangulia, 1955, palitokea pale msiba ambao mpaka leo wazee huku wakiutaja wanashusha sauti: Mercedes ya Pierre Levegh iliruka ikaingia kwa watazamaji, wakafa zaidi ya 80. Kwa hiyo barabara ilijengwa upya mbele ya jukwaa na sheria zikabadilishwa. Magari yalibanwa mafuta, hupewi nafasi ya kujaza mpaka umalize mizunguko 34. Mzunguko mmoja pale ni zaidi ya kilomita 13. Wewe uliyekuwa ukituendesha Korogwe kwa kupima mafuta na kijiti unaelewa hilo linamtaka dereva awe na mguu wa namna gani.

Kiwanda cha Jaguar kilipeleka magari yake matatu. Ecurie Ecosse walipeleka moja, hili hili, namba 4 ubavuni, madereva Ron Flockhart wa Edinburgh na Ninian Sanderson muuza magari wa Glasgow. Mvua ilinyesha. Mzunguko wa pili tu, mawili ya kiwanda yakatoka kwa ajali, na la tatu likaanza kukohoa kwa hitilafu ya mpira wa mafuta, likapoteza muda mwingi mno likitafutwa ugonjwa wake. Likabaki la uchochoroni. Usiku kucha likawa linapokezana uongozi na Aston Martin ya Stirling Moss na Peter Collins, na Moss hakuwa mtu wa kuachia. Saa kumi jioni ya tarehe 29 Julai, la bluu lilikuwa limemaliza mizunguko 300, kilomita 4,034, mwendo wa wastani kilomita 168 kwa saa. Aston ilikuwa nyuma kwa mzunguko mmoja. Baba, hiyo ni Tanga na Dar es Salaam kwenda na kurudi zaidi ya mara tano, kwa siku moja, kwenye mvua. Magari 49 yalianza. Yaliyohesabiwa kumaliza ni 14.

Mzee akifika hapa anaacha kuongea, anaangalia dirishani. Flockhart alikufa 1962, ndege aliyokuwa akirusha ilianguka Australia.

Mwaka uliofuata timu ilishinda tena Le Mans, ikashika nafasi ya kwanza na ya pili, lakini kwa magari mengine. XKD 501 likapumzishwa. Na sasa ndipo nataka unisikilize, kwa sababu baada ya kushinda ndiko gari hili lilikookoka.

Ile fremu ya mbele iliyofungwa kwa bolti iliwaletea watu balaa. Gari la mbio likigongwa pua, fundi alifungua bolti, akatoa fremu iliyopinda, akaweka nyingine, kazi ikaendelea. Gari likizeeka, mwenye shida akauza injini huku, gamba kule, fremu kwa mwingine. Miaka 30 baadaye matajiri walipoanza kuyatafuta, yakajitokeza magari mawili yanadai namba moja: mmoja ana fremu yenye namba iliyogongwa, mwingine ana gamba. Watu wamepelekana kwa mawakili kwa ajili hiyo, na wengine wametumia miaka kuvinunua vipande vyote viwili ili waviunganishe tena.

XKD 501 halikupitia hayo. Kutoka kwenye timu lilibaki kwa Meja Thomson, aliyekuwa mfadhili wao. Mwaka 1970 likachukuliwa na Michael Nairn, Mskoti vilevile, akalitengeneza lirudi kama lilivyokuwa siku ya Le Mans. Mwaka 1999 likaenda kwa mkusanyaji mwingine. Basi. Mikono ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na kila mkono ulipokea gari pamoja na karatasi zake. Gamba ni lile lile, fremu ni ile ile. Agosti 2016 likapigwa mnada Monterey, Marekani, kwa dola 21,780,000. Hakuna gari la Uingereza lililokuwa limewahi kufika bei hiyo mnadani, mpaka mwaka mmoja baadaye Aston Martin moja ilipolipita. Hata lile lori la bluu la kubebea magari ya timu, ambalo la kuchezea la mzee limeigwa kwake, liliuzwa London mwaka 2013 kwa pauni zaidi ya milioni moja na laki saba.

Sikuandikii haya nikuambie Pijo litauzwa mamilioni. Halitauzwa. Lakini sikiliza, Baba, nikukumbushe kitu.

Mwaka 1994 ulifungua injini ya Pijo chini ya mwembe. Mimi nilikuwa mdogo, ukanipa kopo la Blue Band nishike bolti. Kila ulipofungua moja uliifuta kwa kitambaa, ukaitazama, ukaniwekea, ukasema, "Usimwage, na za kulia usichanganye na za kushoto." Mikono yangu ilikuwa inanuka dizeli ya kuoshea. Jioni ulichukua daftari, ukaandika tarehe, kilomita, kilichofunguliwa, kilichobadilishwa, kilichorudishwa cha zamani kwa sababu bado kizima, ukatia sahihi. Mama akauliza unamwandikia nani. Ukasema, "Naliandikia gari."

Pijo lile lilinunuliwa jipya na daktari, likatoka kwake likaja kwako. Mikono miwili tu tangu lishuke melini. Injini yake ni ile iliyokuja nayo, wewe mwenyewe ulikataa kuibadilisha walipokuletea ya Toyota. Na wewe ndiye uliyetufundisha kwamba 404 ndiyo iliyoshinda Safari Rally 1963, na 1966, na 1967, na 1968, na kwamba hiyo ya 1966 na ya 1967 aliyeishika usukani ni Bert Shankland wa hapo kwetu Tanzania, na Chris Rothwell pembeni yake. Ulikuwa ukizisikiliza kwenye redio ya jirani. Mimi kama si wewe ningekaa na mzee huyu nikaona anazungumza habari za Wazungu na magari yao. Nimemwelewa kwa sababu nimekulia uani kwako.

Lilichonacho XKD 501 kuliko wenzake ni watu waliokataa kulikatakata na watu walioandika. Cha kwanza umekifanya miaka yote hii. Cha pili kiko kwenye kapu la karanga.

Kwa hiyo nakuomba, nikiwa nimepiga magoti huku mbali: Hamisi aende kesho asubuhi kwa bibi wa karanga, ampelekee magazeti ya kutosha na elfu ishirini nitakayotuma, ayarudishe madaftari yote, hata yaliyochanwa. Kurasa zilizokwenda zimekwenda, tutaandika upya unazozikumbuka. Pili, mtu wa mizani aambiwe gari haliuzwi. Nitatuma pesa ya turubai jipya na ya kuinua magurudumu juu ya magogo, lisikae kwenye matope ya masika. Tatu, mweleze Hamisi habari za yule daktari: alilitoa kwa nani, alikukabidhi siku gani, ulimlipa vipi. Mambo hayo yako kichwani mwako peke yako, Baba.

Mzee wangu huku anakusalimia. Jana nilipomwambia habari za madaftari alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nimletee lori kutoka kabatini. Akaligeuza, akanionyesha chini yake: jina la kaka yake limekwaruzwa kwa msumari, herufi za mtoto.

Hamisi akishafungua boneti, apige picha kile kibati chenye namba ya chesisi, akisugue kwanza kwa mafuta ya taa taratibu asifute maandishi. Nimenunua daftari gumu hapa, ukurasa wa kwanza nimeuacha mtupu kwa ajili ya namba hiyo.

Mwambie Mama kanga zimefika, nimeivaa ya kwanza leo.

Mwanao,
Mwanaidi