Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: Bajeti isemwe kwa shilingi za mwananchi

Mheshimiwa Waziri wa Fedha wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,

Kazi yetu ni kusoma hotuba za bajeti, miswada ya fedha na taarifa za Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Tunakuandikia kwa sababu maelezo ya wizara yako yanaeleweka kwa wahisani na mabenki, lakini mama lishe anaachiwa ajitafutie maana mwenyewe.

Chukua kauli ya "mfumuko wa bei umeshuka". Wengi husikia kwamba bei zimeshuka. Wakifika dukani wanakuta mchele umepanda, wanaona wamedanganywa. Mchele wa shilingi 2,000 kwa kilo ukipanda kwa asilimia 10 unafika 2,200. Mwaka unaofuata, mfumuko ukishuka hadi asilimia 3, mchele ule haurudi 2,000. Unapanda tena hadi 2,266. Kilichopungua ni kasi ya kupanda, na hivyo ndivyo inavyopaswa kusemwa kila mwezi, kwa mfano wa bidhaa moja. Tena kapu la bidhaa linalotumika kupima mfumuko ni la wastani wa nchi. Chakula na vinywaji visivyo na kilevi vimepewa uzito wa takriban asilimia 28. Kaya inayomaliza zaidi ya nusu ya kipato chake kwenye chakula huumia kuliko takwimu inavyoonyesha unga na maharage vinapopanda. Kaya za aina hiyo zitolewe takwimu zao.

Tozo za miamala ya simu za mwaka 2021 ndizo zinazotuuma zaidi. Zilianza Julai, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Hotuba ilikuwa imesomwa Juni, lakini watu wengi walizijua walipoona makato kwenye simu. Kijana akimtumia mama yake fedha kijijini alikatwa wakati wa kutuma, na mama akakatwa wakati wa kutoa: fedha ile ile, mara mbili. Hilo halikufafanuliwa mapema. Maelezo kwamba tozo zingejenga vituo vya afya na madarasa yalipamba moto watu wakiwa wameshakasirika, na Septemba tozo zikapunguzwa kwa asilimia 30. Lengo lingeweza kutetewa, ila utetezi ulichelewa.

Mwaka 2023 kulikuwa na afadhali kidogo, kwa sababu nyongeza ya kodi ilitajwa kwa shilingi: 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, 20 kwa kila kilo ya saruji. Lakini hesabu iliishia njiani. Bodaboda anayetumia lita tatu kwa siku analipa 300 zaidi, yaani 7,800 kwa siku 26 za kazi. Mfuko wa kilo 50 unaongezeka 1,000, kwa hiyo anayejenga kwa mifuko 150 anaongeza 150,000. Hesabu hiyo mtaalamu wa wizara anaifanya kwa dakika tano.

Kuhusu deni la Taifa, neno "himilivu", yaani linaloweza kulipika, peke yake halitoshi. Kipimo cha ukomo wa asilimia 55 ya Pato la Taifa kina maana kwa wakopeshaji. Mwananchi anataka kujua kila shilingi 1,000 ya mapato ya ndani inapokusanywa, ngapi zinakwenda kulipa deni na ngapi zinabaki kwa dawa na walimu.

Tunaomba, Mheshimiwa, kila kodi mpya iambatane na ukurasa mmoja: nani analipa, shilingi ngapi kwa mwezi kwa mkulima, bodaboda na mwenye mshahara, fedha zinakwenda kwenye kifungu gani, na lini kodi hiyo itapitiwa upya. Kati ya kusomwa kwa bajeti na tarehe 1 Julai kuna takriban wiki mbili. Ukurasa huo ufike ofisi za vijiji na mitaa, na usomwe redioni, ndani ya siku tatu za mwanzo, ili wabunge wapigiwe simu na wapiga kura wao kabla ya kupitisha Muswada wa Fedha.