Msaada ufike kabla mifugo haijafa

Mhariri,

Naandika kuhusu ile ripoti yenu ya ukame kaskazini mwa Kenya. Kusema ukweli shida si kwamba misaada haiji, inakuja, ila inafika ng'ombe washakufa. Mvua zilipokosa misimu 5 mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020 tulipoteza mifugo zaidi ya milioni 2, na mfugaji akishaishiwa na mbuzi hata umletee lori zima la unga, mwaka ujao bado atakuwa anaomba.

Nilikuwa Marsabit wakati ule, nikaona mama na watoto wake wanamnyanyua ng'ombe kwa mkia asimame, maana akilala tu ndio basi, na sokoni hakuna anayemtaka hata kwa bei ya kuku. Kwa hivyo pesa za HSNP, ule mpango wa serikali wa kutumia familia maskini pesa zisife njaa, zinazotumiwa familia za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera ziongezwe mapema, mara tu tukiambiwa mvua ni haba, na serikali inunue mifugo ikiwa bado ina nyama, nyama ipelekwe mashuleni. Na kaunti zitengeneze pampu za visima sasa hivi jamani, si wakati watu washahama na wameanza kupigania malisho.

Msomaji wenu,
Isiolo