Kabla hamjasaini hiyo nyumba ya Columbia

Shosti wangu,

Hamjambo huko Houston? Sisi wazima, watoto wanarefuka tu kila siku. Nimeisikiliza voisi yako yote, kwamba we na shemeji mmepata nyumba huku Columbia, Maryland, na dalali kawaambia bei imepanda kwa sababu ya haiskuli, yaani mkinunua hapo mtoto atasoma shule ile mpaka amalize. Shosti, hapo ndo tuelewane mapema, hiyo ahadi dalali hana uwezo nayo, na wala hakuna mwenye uwezo nayo.

Huku Maryland kaunti nzima ni wilaya moja ya elimu, bodi moja, bajeti moja. Howard County, kaunti yenye hiyo Columbia, ramani yao wameikata vipande vidogo vidogo, wanaviita poligoni, kila kimoja na namba yake, na namba hiyo ndo inaamua mwanao apande basi la kwenda shule gani. Wanataka kila shule iwe na wanafunzi kati ya asilimia 90 na 110 ya uwezo wake, ikizidi wanachukua vipande wanavihamishia kwingine, kwa hiyo unaweza ukakuta mstari umepita katikati ya barabara, wa kwako anaenda huku, wa jirani wa ng'ambo anaenda kule.

Agosti 2019 mkurugenzi wa shule za kaunti, Michael Martirano, alileta pendekezo la kuhamisha wanafunzi zaidi ya 7,000, na haikuwa msongamano peke yake, alitaka pia watoto wanaopata chakula cha bure au cha bei nafuu shuleni, yaani wa familia zenye kipato kidogo, wasirundikane kwenye shule chache. Weee! Watu waliandamana, wakajaa vikaoni mpaka usiku, kila mtu na dakika zake kwenye maiki. Novemba bodi ikapitisha ramani iliyopunguzwa, bado wakahamishwa zaidi ya 5,000, na kuna waliokimbilia mahakamani. Na Columbia ndo mji ambao James Rouse aliuanzisha 1967 kwa nia kabisa kwamba weusi na weupe, wenye nazo na wasio nazo, wakae pamoja!

Mzazi anayelia kwamba mwanae ataachana na marafiki zake au atakaa kwenye basi muda mrefu, huyo namwelewa kabisa. Ila ile ya wazazi kuziita shule walizopangiwa wanao "shule mbaya" iliniuma na inaniuma mpaka leo, manake ni kaunti ile ile, mtaala ule ule, skeli ya mishahara ya walimu ile ile, tofauti kubwa iko mifukoni mwa wazazi. Ukiwajaza watoto wenye shida shule moja, mwalimu anabeba kila kitu, kuanzia njaa mpaka kuhamahama, alafu matokeo yakishuka watu wanasema si mnaona. Na anayepanga apartment, akiwa kwenye zamu ya usiku, atafika saa ngapi kikaoni kushika maiki? Kwa hiyo sauti zinazosikika sana ni za wenye nafasi. Mi nilikuwa upande wa kuchanganya watoto na bado niko huko huko, sema wasiwe watoto wa apartment tu ndo wanaohamishwa kila mara, na wanaokaribia kumaliza waachwe wamalizie walipo. Nikikumbuka wale waliohamishwa muhula wa 2020 nawaonea huruma mpaka leo, shule mpya wameianza kwenye laptop nyumbani kwa sababu ya korona, mwalimu mgeni, wenzao wageni, wote ndani ya vijidirisha.

Na haikuishia hapo, 2023 ilifunguliwa haiskuli mpya Jessup, Guilford Park, mistari ikasogezwa tena. Nyumba zinajengwa kila siku, zitasogea tu.

Kwa hiyo nyumba nunueni kama mmeipenda nyumba yenyewe, karibu na kazi, bei mnaiweza. Kabla ya kusaini angalieni iko poligoni gani, shule yake imejaa kiasi gani, na kama kuna mradi mkubwa wa nyumba jirani. Alafu mwende mkaione na shule ya pili yake, ile ambayo mstari ukisogea ndo mtaangukia, mkiona mnaweza kuishi na zote mbili basi saini. Nitumie anuani nikuangalizie wikiendi hii. Msalimie sana shemeji, na mtoto mwambie anti anamsubiri.

Wako wa siku zote.