Miwani Mipya Haioni? Anza kwa Kupima Sukari

"Mmeniuzia lenzi mbovu, wiki tatu tu na maandishi yamefifia." Lalamiko hili haliishi, na mara nyingi mlalamikaji ana kisukari. Lenzi tuliyokata iko vilevile. Iliyobadilika ni ile ya ndani ya jicho: sukari ya damu ikipanda, lenzi hiyo hufyonza maji na kuvimba, namba ya miwani ikahama, sukari ikishuka, namba inahama tena. Kwa hiyo aliyeanza dawa juzi tunamwomba asubiri sukari itulie, kwa kawaida wiki 4 hadi 6, ndipo apimwe. Wapo wanaoona tunawazungusha, wakachukua miwani ya kusomea iliyo tayari. Hulipa mara mbili.

Namba, hata hivyo, ni jambo dogo. Kwa mwenye kisukari na presha kwa pamoja, kazi iko nyuma ya jicho, kwenye retina, utando unaopokea picha. Sukari hudhoofisha kuta za mishipa myembamba hadi zinatoa vivimbe. Presha nayo husukuma damu kwa nguvu kwenye kuta hizohizo. Majimaji na mafuta huvuja, na yakituama katikati ya retina, mistari iliyonyooka huonekana imepinda. Mishipa mingine huziba, jicho likaotesha mipya iliyo dhaifu, ambayo hupasuka na kumwaga damu ndani. Hakuna maumivu. Unaweza kusoma ubao wa herufi hadi mstari wa mwisho huku retina inavuja.

Basi msituombe turuke matone ya kutanua mboni ili bei ipungue. Bila matone tunachungulia chumba kupitia tundu la ufunguo. Yanahitaji dakika 20 hadi 30, kisha utaona ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo usije ukiendesha gari. Wala kipimo cha presha ya macho hakitoshi: hiyo ni ya majimaji ndani ya jicho, si presha ya damu, na inaweza kuwa sawa kabisa wakati namba ya juu ya presha ya damu ni 170.

Kisukari cha aina ya 2 kikigunduliwa, retina ikaguliwe mara hiyo, kisha kwa kawaida kila mwaka. Njoo na vipimo vyako vya karibuni vya sukari na presha. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kubana presha kwa wagonjwa wa aina hiyo kulipunguza kwa asilimia 34 uwezekano wa retina kuzidi kuharibika. Kidonge cha presha, kumbe, ni dawa ya macho pia.

Ukiona ghafla madoa meusi yanaelea, au kama pazia linashuka, usisubiri miadi wala usiagize miwani. Nenda kwa daktari bingwa wa macho siku hiyohiyo.